Dakika Hamsini na Tisa

Februari ya mwaka hamsini, Pensilvania.
Theluji imelala juu ya mataruma
kama unga uliomwagwa na asiyeujua bei.
Reli ya Tuscarora inataka injini arobaini za dizeli.
Wametuita na yetu,
wamewaita wa Illinois na yao,
na mlima wa Kettle Run ndio utakaoamua,
au ndivyo tulivyoambiwa.

Mimi ni Ondrej Hlavaty, fundi wa silinda.
Baba alizipigia ribiti boila za mvuke za Harlan na Voss
mpaka masikio yakafa kabla yake;
siku ya kumzika, kengele ililia kwa ajili yetu tu.
Mvuke sikuurithi.
Nilirithi karakana ileile,
msumari uleule wa kutundikia koti,
na michoro mipya iliyochelewa miaka kumi.

Yao ikapanda kwanza, rangi ya machungwa,
pua ya mviringo kama ya mtoto aliyeshiba,
mabehewa sabini ya makaa mgongoni.
Tulisimama nje ya kibanda cha ishara, tukatega masikio.
Kona ya tatu ikaanza kukohoa.
Magurudumu yakateleza,
wakamwaga mchanga,
yakateleza tena.
Dakika sabini na nne.

Kisha yetu. Nyeusi,
maana pesa za rangi nyingine hazikuidhinishwa.
Mabehewa yaleyale, barafu ileile,
nami ndani, kiganja juu ya silinda ya sita,
ile korofi, nikiibembeleza:
leo tu, mama, kesho ulale.
Haikukohoa.
Ilinguruma mpaka kileleni kama iliyotukanwa.
Dakika hamsini na tisa!
Bwana Pruitt, mkaguzi wa Tuscarora,
akailamba ncha ya penseli, akaandika,
akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja asali.

Usiku hotelini tulikula pai ya cheri.
Brandvold, muuzaji wao, hakuutaja mlima hata mara moja.
Aliweka mezani pistoni moja, safi, imefungwa kitambaa.
Hii, akasema, inaingia katika injini yoyote tuliyowahi kuiunda.
Ghala liko Altoona, simu moja, kesho inafika.
Mafundi wenu tutawafundisha bure.
Malipo, miaka kumi na tano.
Halafu akamuuliza Pruitt kama mbwa wake, Duchess, amepona mguu.

Bosi wetu, Voss mdogo,
aliweka mezani picha ya babu yake.

Aprili barua ikaja.
Arobaini, Illinois.
Kwetu, mbili za kusukumia mabehewa yadini,
na sentensi ndefu ya shukrani.

Husemwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Chetu kilikuwa kizuri, kikakaa.
Chao kilijitembeza kwa viatu vilivyong'arishwa,
na sasa siwezi tena kusema kilikuwa kibaya,
kwa sababu kiwanda kilifungwa, msumari ukabaki bila koti,
na aliyenipa kazi ni Tuscarora,
nizihudumie zile arobaini.

Naifungua silinda ya Illinois.
Mtu mmoja, spana mbili, dakika ishirini,
pistoni ya zamani nje, mpya ndani,
na ninapokuwa bado nawalaani, mkono umeshamaliza.
Mkono hauna chuki. Mkono unajua kazi nzuri.

Lakini mwisho wa yadi, njia ya tisa,
moja ya zile mbili nyeusi imesimama tangu Jumatatu
ikingoja valvu ambayo duniani haitengenezwi tena.
Nimeipima kwa kalipa, nimeichora nyuma ya bahasha.
Zamu ikiisha nabaki na tupa na kipande cha chuma,
nakwangua, napima, nakwangua,
na msimamizi kijana ananiuliza kwa nini nisiiache tu iuzwe chakavu.

Namwambia ashike taa vizuri.